Bakuli la Miguu

Mama mkwe wangu alikuwa na jina lake kamili kwenye kitambulisho, lakini mtaa mzima ulimwita Bi Nani. Ukibisha hodi, aliuliza, "Nani?" Ukajitaja. Akauliza, "Nani tena?" Ukajitaja upya, na ukoo wako, na shida iliyokuleta, ndipo kitasa kikalia. Mume wangu, mwanawe wa kumzaa, alijibu maswali hayo kila jioni akitoka kwenye karakana yake ya useremala, mbao begani, jasho likimtiririka, na hakuwahi hata mara moja kufunguliwa kwa swali moja.

Simlaumu sana. Mimi mwenyewe ukiniambia kumekucha, nafungua dirisha nikaone. Ni fundi cherehani, na kazi hii imenifundisha kwamba mteja akiapa kiuno chake hakijabadilika, mpime. Husemwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tulikaa, ila kila mmoja alilala jicho moja wazi.

Kazi ya Bi Nani ilikuwa kuchuma uyoga msituni. Si ule unaopandwa kwenye mifuko ya pumba. Huo aliuita chakula cha wagonjwa. Yeye alitafuta aina moja tu, adimu, ambayo wachumaji huiita mtoro, kwa sababu mwaka huu yupo, mwaka ujao hayupo, na ukishakata tamaa unamkuta amerudi palepale kama mtu aliyetoka kidogo kununua chumvi. Mtoro haoti shambani. Watu wamewahi kubeba udongo wa msituni kwa magunia wakaumwaga nyuma ya nyumba, wakaumwagilia asubuhi na jioni, wakavuna magugu. Anaishi na mizizi ya miti mikubwa ya zamani, na mti ukikatwa, naye ndiyo basi tena. Akiwa mchanga ni mweupe, mviringo kama yai. Akikua kofia hufunguka na kupata rangi ya asali nyepesi katikati. Ukimvunja, nyama yake hugeuka taratibu ikawa ya waridi kama ufizi wa mtoto, na harufu yake ni ya karanga mbichi zilizomenywa sasa hivi. Haya yote niliyajua kwa sababu mtaa mzima uliyajua. Kisichojulikana kilikuwa mahali anapoota.

Mahali hapo Bi Nani alipalinda kuliko chumba chake cha kulala. Leo aliingia msituni kwa njia ya kisimani, kesho kwa njia ya makaburini. Akirudi, juu ya kapu alipanga kuni ili ionekane alikwenda kuokota kuni. Ukimuuliza, "Umetoka wapi, Bi Nani?" alikujibu, "Nilikotoka," na hakupunguza mwendo.

Sasa nieleze kwa nini nilimwogopa. Sikuwa hata nimemaliza kufungua mizigo yangu ya bibi harusi, jirani yetu muuza mkaa akanivuta pembeni.

"Shoga, nyumba ile kula kila kitu, ila uyoga usile. Ulizia wifi yake alikufaje."

"Alikufaje?"

"Mimi sisemi. Mimi nauza mkaa tu."

Kisha akasema yote. Wifi wa Bi Nani, yaani dada wa marehemu baba mkwe wangu, alikula mtoro katika nyumba ile ile. Usiku alilala vizuri, asubuhi akaamka mzima akafagia uwanja, halafu tumbo likamshika, na hakupona. Siku chache kabla ya hapo wawili hao walikuwa wamegombana mpaka sauti zikafika barabarani, kwa sababu wifi alitaka kuonyeshwa msitu na Bi Nani alikataa. Na sufuria ile, alisema muuza mkaa akinisogelea, Bi Nani mwenyewe hakuionja. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Jioni nikamuuliza mume wangu. Akasema shangazi yake aliugua, na nisisikilize maneno ya mkaani. Lakini alisema hivyo huku akitazama msumari, na mume wangu akisema kweli hutazama mtu.

Basi nikatangaza kwamba uyoga unaniwasha mwili. Kila msimu, Bi Nani alipika wake kwa kitunguu na chumvi, akaula peke yake kwanza, na wengine tukangoja mpaka kesho yake. Hata mpishi wa nyumba ya wageni, mnunuzi wake mkubwa, hakukabidhiwa kapu siku ya kuchuma. Kesho yake aliniwekea sahani.

"Bado unakuwasha?"

"Bado, Mama."

"Pole."

Pole ile niliigeuzageuza kichwani kama nguo ninayotafuta ilipofumuka, na sikupata kitu.

Na kulikuwa na bakuli. Kila alipopika uyoga, kando ya jiko alikaa na bakuli la bati lenye kifuniko, na juu ya kifuniko ameweka jiwe. Siku moja alipokwenda kuoga nikaliondoa jiwe. Ndani mlikuwa na vitu virefu, vyembamba, vyenye udongo, vimelazwa sambamba kama mikia ya panya. Nikafunika upesi, nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikakunjamana. Kesho yake bakuli lilikuwa tupu, limesuguliwa likang'aa. Nilijiambia, kama huu si uchawi, basi uchawi haupo duniani. Tena nikapata jibu la kwa nini yeye anakula kwanza bila hofu: bakuli ndilo kinga yake.

Tuliishi hivyo mpaka mwaka ambao goti lake la kulia lilivimba. Zahanati ikampa dawa ya kupaka na ikamkataza kutembea. Mvua zikanyesha, jua likatoka, na mpishi wa nyumba ya wageni akatuma salamu kwamba ana wageni wazito na anamtaka mtoro. Mpishi huyo alikuwa na aproni nyeupe na malalamiko yasiyoisha. Kila mwaka alilalamikia udongo. "Mama, mimi nanunua uyoga au kiwanja?" Na Bi Nani alimjibu, "Kiwanja kinapanda bei. Shukuru."

Asubuhi moja akaniita chumbani kwake.

"Fundi, funga mlango."

Nikafunga.

"Nani yuko nje?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Umeangalia?"

Nikafungua, nikaangalia, nikafunga. Ndipo akanielekeza, kwa kunong'ona, neno kwa neno, kana kwamba ananilipa kutoka mfukoni mwake: kisima kibovu, jiwe lenye ufa, kisha kushuka kuelekea mti uliochanwa na radi. Kofia hivi, harufu hivi, rangi hivi.

"Na kisu kiache nyumbani. Mng'oe kwa vidole na mguu wake mzima."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu nimesema."

Nilitoka pale nikiwa na jibu langu mwenyewe. Ananitaka nirudi na kapu la matope, mpishi anikatae mbele za watu, mtaa useme mke wa seremala hawezi kazi ya mkwewe. Hila za wazee hazina kelele. Nikatazama meza yangu ya kushonea. Alikataza kisu. Mkasi hakuutaja. Nikatia mfukoni ule mdogo wa kukatia nyuzi.

Msituni nilitembea nikigeuka nyuma kila mara, maana nilihisi amemtuma mtu anifuate. Hapakuwa na mtu, na ukimya ule haukunituliza hata kidogo. Chini ya mti wa radi, majani makavu yalikuwa yameinuka huku na huku kama shuka juu ya watoto waliolala. Nikayafunua. Walikuwepo! Weupe, wa rangi ya asali, wadogo kwa wakubwa. Nikamvunja mmoja nikangoja, ukaja uwaridi. Nikanusa, karanga mbichi. Nikacheka peke yangu. Nikapiga magoti, nikawakata shingoni mmoja mmoja kwa mkasi, safi, bila chembe ya udongo, nikawapanga kwenye kapu kama vifungo kwenye kadi. Nilitosheka nao, kisha nikawaacha wengine wengi upande wa pili wa mti, kwa siku nyingine.

Nilirudi nyumbani shingo juu. Bi Nani alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Akafunua kitambaa cha kapu. Hakumgusa hata mmoja.

"Miguu iko wapi?"

"Nimeikata, Mama, wasiwe na udongo. Mpishi si kila siku—"

Aliinuka kwa fimbo, mwanamke aliyekatazwa kutembea, akachukua kapu kwa mkono mwingine, akajikokota mpaka chooni. Nilisikia kazi yangu yote ikitumbukia.

Nilikasirika hasira ambayo sijawahi kukasirika tena. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha karakana, randa mkononi, na kwa mara ya kwanza sikujali nani anasikia.

"Mama, uyoga haukuwa na kosa! Wewe umechukia kwamba sasa naijua njia. Ndivyo ulivyomchukia na wifi yako? Naye ulimfanya nini?"

Randa ilianguka. Bi Nani alisimama pale mlangoni mwa choo, ameegemea fimbo, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyebishiwa hodi na mgeni aliyemngojea miaka mingi. Hakuuliza nani. Akamwambia mwanawe, "Leta toroli."

Basi tukampandisha kwenye toroli la kubebea mbao, mto chini ya goti, fimbo mapajani. Tulipopita mkaani, jirani alisimama na beleshi lake. "Mnampeleka wapi Bi Nani?"

"Wanakonipeleka," alijibu mwenyewe.

Kwenye kisima kibovu akamwamuru mume wangu abaki. "Wewe mwanangu nakupenda, lakini mdomo wako ni mlango usio na kitasa." Nikalisukuma toroli mimi, juu ya mizizi na mawe. Nilikuwa naingia msituni na mtu ambaye nimetoka kumwita muuaji. Nilikuwa na nguvu kumshinda, nilikuwa na miguu miwili mizima, na bado nilimwogopa.

Chini ya mti wa radi akashuka, akakaa kwenye majani.

"Ulikata hapa?"

"Hapa."

"Fukua."

"Nifukue nini?"

"Ulichokiacha. Mkasi wako umechukua vichwa. Miguu bado iko ardhini. Fukua mmoja mmoja, uniwekee hapa."

Alivua kitambaa chake cha kichwa akakitandaza. Nikaanza kuchimba kwa vidole penye kila kishina nilichokata. Mguu wa kwanza ulitoka mrefu, mwembamba, ukipungua kuelekea chini mpaka ncha, umejinyoosha kufuata mzizi wa mti. Kama mkia wa panya. Mikono yangu iliujua kabla ya kichwa changu. Nikamtazama.

"Bakuli," nikasema.

"Ulifunua. Jiwe lilikuwa limegeuzwa. Endelea."

Nikatoa wa pili, wa tatu, wote mikia. Nikaanza kupata ujasiri, nikataka kusema, unaona sasa? Kisha kidole changu kikakutana na kitu cha mviringo. Nikakizungushia mikono nikakitoa. Kilikuwa kifupi, kinene kama kitunguu, kimekaa ndani ya kifuko cheupe kilichochanika, mfano wa ganda la yai lililopasuka. Hakikushika mzizi wowote. Kilikuwa kimesimama peke yake katikati ya wenzake.

"Huyo si mtoro," Bi Nani alisema. "Huyo ni pacha wake. Kofia moja, rangi moja akiwa mchanga. Tofauti yake imezikwa."

"Lakini nilivunja nikaona uwaridi."

"Ulivunja wangapi?"

Nilivunja mmoja.

"Harufu je? Wote walinuka karanga."

"Weka kitunguu kimoja kwenye kapu la nguo, kesho nguo zote zitanuka nini?"

"Mwingine alikuwa ameliwa na konokono. Nikajua ni salama."

"Konokono hana ini lako. Wengine watakwambia chemsha sana, wengine tia sarafu kwenye sufuria. Moto haumsafishi huyu, na sarafu haijui kitu. Utakula, ni mtamu, utalala vizuri. Utaamka ukafagia uwanja."

Aliposema uwanja, sauti ilimkatika. Nilikaa chini.

"Wifi yangu alinisumbua mwaka mzima," aliendelea, akiutazama ule mguu na si mimi. "Nikaona anataka kuniibia mahali pangu. Tuligombana, ulivyosikia. Mwishowe, ili aniondokee, nikamwambia. Nikamwambia kofia, nikamwambia harufu, nikamwambia mti. Mguu sikumwambia. Nilisema moyoni, hicho nabaki nacho mimi, ili kila akichuma alazimike kurudi kwangu nimkagulie. Sikujua kwamba hatarudi kwangu kwanza. Alikata kwa kisu, akapika mimi nikiwa sokoni. Niliporudi alikuwa amekwisha kula, anacheka, ananiambia sasa na yeye anajua."

Upepo ulipita juu, matone yakadondoka kutoka kwenye majani.

"Baada ya mazishi nilikuja hapa. Nilifukua kama ulivyofukua wewe. Nikawakuta wawili wenye kifuko."

"Kwa nini hukusema, Mama? Watu wanakuita muuaji."

"Ningesema nini? Kwamba sikumuua, nilimnyima tu?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumshtaki kwa miaka yote ile, na ya kumpoza sikuwa na hata moja. Nikamshika mkono, wenye udongo, kwa mkono wangu wenye udongo. Hakuuondoa.

"Na leo nimekosa lile lile," akasema. "Nimekwambia usikate, nikaona haya kukwambia kwa nini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa. Lakini na mkuu anayesema nusu, naye avunjwe lipi?"

Kisha nikauliza, maana nisipouliza kitu hunikereketa kooni: "Ulijua kwamba uyoga hauniwashi?"

"Anayewashwa hujikuna. Wewe ulikuwa unanichungulia."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika mwaka wa kwanza. Halafu nikaanza kufurahi. Wifi yangu aliamini kofia. Mwanangu akipewa sahani anafumba macho. Nikasema, huyu fundi asiyeniamini, siku moja ndiye nitakayemwachia huu mti. Ila nilingoja uniulize, nawe ulingoja nikwambie, tukakaa."

Upande wa pili wa mti, wale niliowaacha asubuhi walikuwa bado wamesimama. Nikaenda. Sikugusa mkasi. Nilichimba kwa vidole kuzunguka kila mmoja, nikamng'oa na mguu wake mpaka ncha, nikampelekea. Yeye alipapasa chini kwa kidole gumba kama mtu anayesoma gizani, akawa ananiuliza, "Huyu?" nami najibu. Mmoja mchanga, mzuri, mweupe kuliko wote, alikuja na kifuko. Nilimtupa mbali kwa nguvu, nikapangusa vidole kwenye majani, kisha kwenye sketi, kisha tena kwenye majani. Bi Nani akasema inatosha, mkono hauungui kwa kumshika, tumbo ndilo linaloungua, ila nyumbani ninawe.

Tulimkuta mume wangu pale kisimani, ametafuna ukucha wa kidole gumba mpaka mwisho. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi. "Mmetoka wapi?" akauliza, mradi apate la kusema.

"Tulikotoka," nikamjibu, na kwenye toroli nikasikia mtu anapaliwa na kicheko.

Mchana ule Bi Nani alipika, kitunguu na chumvi, akala peke yake kama desturi yake. Bakuli lenye miguu ya wale aliowapika likakaa kando ya jiko, na jiwe juu. Usiku ule sikulala vizuri, na ajabu ni kwamba safari hii hofu yangu ilikuwa juu yake, si juu yangu. Alfajiri nilibisha hodi mlangoni kwake.

"Nani?"

Sijawahi kulifurahia neno lile kama siku hiyo.

Mchana wa siku hiyo mpishi akachukua kapu lake lenye udongo, akalalamika kuhusu kiwanja, akaenda. Bi Nani aliniwekea sahani mezani, kama kila mwaka. Safari hii hakuuliza kama bado unaniwasha. Aliniletea na bakuli, akaliweka kando ya sahani, akaliondoa jiwe yeye mwenyewe.

Nilijua ingekuwa heshima kula tu. Mkwe mwenye adabu angekula akisema ni mtamu. Mimi nilifunua bakuli. Nikautoa mguu mmoja mmoja, mbele ya macho yake, nikaupitisha kwenye mwanga wa dirisha, nikaupapasa kutoka shingo mpaka ncha, nikaurudisha. Mkia, mkia, mkia. Nilipomaliza niliinua uso nikitarajia kumkuta amenuna.

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa anatabasamu.

"Tazama tena," akasema.

Nikatazama tena, wote, kisha nikala.